Mbwa wa Getini Naye Ana Haki



Sisi tunaopeleka abaya na madera Kahama na Geita tunakutana na mabibi harusi wengi waliotoka visiwani kuwafuata waume kwenye dhahabu. Getini wanamkuta mbwa wa ulinzi. Basi kila mtu husema "najisi", na mnyama huachwa na kupe na manyoya yaliyogandamana. Hilo hatulikubali.

Najisi ni hukumu ya twahara, si ruhusa ya kutesa. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Tuliojifunza cherehani tunajua: kitambaa hujulikana kwanza, ndipo mkasi. Manyoya ni hivyo hivyo. Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi. Brashi mara moja kwa wiki yamtosha, pamoja na kumkagua kupe masikioni na baina ya vidole. German Shepherd, anayependwa na wenye mali, ana tabaka mbili: ya juu ngumu, ya chini laini kama sufi. Msimnyoe kwa sababu ya joto! Manyoya humkinga na jua, na mbwa hupoa zaidi kwa kuhema. Apigwe brashi mara mbili tatu kwa wiki, mpaka tabaka ya chini. Wale wadogo wenye nywele ndefu, kama Maltese, ni kila siku, la sivyo nywele hufunga mafundo yanayovuta ngozi. Sabuni zetu humkausha ngozi. Nunueni ya mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo.

Huko kuna jambo jingine. Mbwa akizurura kwenye mialo ya dhahabu hulalia marudio, mchanga wenye mabaki ya zebaki. Hujilamba, kisha huuleta uani watoto wanapotambaa. Afungiwe ndani ya ua, na akitoroka aoshwe.

Kwa twahara yenu, anayemhudumia avae glavu na nguo maalumu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, palipopata unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usiyeweza kumgusa, mlipe kijana wa kazi, lakini simamia.

Kabla ya nikaha mnauliza mahari na nyumba. Ulizeni pia: mbwa anahudumiwa na nani? Jibu litawaonyesha huruma ya mwanamume huyo.

Allah atujaalie huruma. Amin.