Mzizi wa Maka na Jina la Karafuu Yetu



Mwenzetu mmoja mwenye jamaa zake Rusimbi, kule Ujiji kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ametuletea pakiti ya unga aliyoinunua huko, na pamoja nayo shauri. Juu ya pakiti pameandikwa "maka" (asighurike mtu akafikiri ni mji mtukufu, ni jina la mzizi), na chini yake zimepangwa ahadi: nguvu za kiume, uzazi, damu, sukari, usingizi. Shauri lake ni kwamba jumuiya yetu isage karafuu pamoja na mzizi wa namna hiyo, itie katika pakiti yenye jina letu, na kuuza Rusimbi na ng'ambo ya ziwa, ambako, asema, mtu haulizi bei ya kitu kama hicho. Wako wengine ambao wamekwisha kuuliza mbegu zapatikana wapi. Kwa hivyo twaona yafaa tutoe rai yetu mapema, kabla hajatokea wa kukata mikarafuu.

Kwanza tuueleze mzizi wenyewe, maana hauna kosa. Maka ni mmea wa nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, jamii moja na kabichi na figili. Huota katika nyanda za juu za milima ya Andes, karibu na ziwa la Junín, mahali palipo mita 4,000 na zaidi juu ya bahari, penye baridi kali na upepo, ambapo mahindi hayasimami. Wenyeji huchimba kiazi chake, hukianika juani mchana na kukiacha katika baridi ya usiku kwa majuma mengi mpaka kikauke, na kikikauka huwekwa miaka. Kisha hukichemsha kwa maji au maziwa, wakala. Ni chakula kwanza, dawa baadaye. Padri wa Kispania, Bernabé Cobo, aliandika habari zake mwaka 1653, akataja kwamba kilisifiwa kwa uzazi. Sifa hiyo basi ni ya zamani, si ya wachuuzi wa jana.

Na wataalamu wamesemaje? Huko Lima, mwaka 2002, Gustavo Gonzales na wenzake walitoa habari za wanaume wenye afya waliopewa maka kwa majuma 12. Hamu yao iliongezeka kuliko ya wale waliopewa kidonge kitupu, lakini homoni ya kiume katika damu yao haikubadilika. Majaribio yaliyofuata yamekuwa madogo madogo, na walioyapima yote pamoja wameona kwamba ushahidi ungali haba. Basi hata hiyo hamu twaisema kwa kusitasita. Na kutoka hamu hadi sukari na damu ni safari ambayo pakiti imeirukia tu.

Kuipanda maka hapa kwetu ni ndoto. Kisiwa cha Unguja hakifiki mita 150 pahali pake pa juu kabisa. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kiasi cha mita 770, na mlima mkubwa wa Mahale, kusini ya Kigoma, wakoma kwenye mita 2,462. Anayekuuzia mbegu, bwana, na akuoneshe kwanza barafu ya kuipandia.

Lakini Afrika Mashariki inao mzizi wake wa jambo hili hili. Watu wa Kakamega, Kenya, huuita mukombero. Waganda huuita mulondo. Wataalamu wa mimea huuandika Mondia whitei. Ni mmea utambaao juu ya miti, na mzizi wake wanukia vizuri kama vanila. Wazee huutafuna mbichi, wengine huutia katika chai; husemwa kuwa waleta hamu ya kula, watuliza tumbo, waondoa uchovu, na wasaidia katika lile jambo la chumbani. Mzee anayetafuna mzizi wake jioni kwa ladha na kwa mazoea hatumcheki hata kidogo. Hiyo ni starehe yake na urithi wake.

Shida yaanza pale ladha inapogeuzwa kuwa ahadi yenye bei. Mwaka 2001 Pierre Watcho na wenzake wa Kameruni walitoa habari za panya dume waliopewa mzizi huu: uwezo wao wa kuzalisha ulipungua, ukarudi walipoachishwa. Mwaka 2004 Watcho huyo huyo na wenzake wakaeleza kwamba panya waliopewa maji ya mzizi huu waliongezeka homoni ya kiume. Mzizi ule ule, na majibu mawili yanayovutana. Sasa je, tuandike jibu lipi juu ya pakiti yetu?

Iko hatari nyingine ambayo mwenzetu hakuitaja. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekamata mara nyingi unga na vidonge viitwavyo vya asili, vya nguvu za kiume, kumbe ndani mmechanganywa sildenafil, dawa ya hospitali. Mtu mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, akimeza unga huo bila kujua, shinikizo la damu laweza kumshuka ghafla akafa. Zaidi ya hayo, udhaifu huu wenyewe mara nyingi ni dalili ya mwanzo ya kisukari au ya maradhi ya mishipa na moyo. Mume anayenunua pakiti mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya haya, huku sukari yamla ndani, amenunua kuchelewa. Mtu wa Rusimbi anayo Hospitali ya Maweni pale Kigoma; sisi tunayo Mnazi Mmoja, na Pemba iko Abdalla Mzee. Daktari amekwisha kusikia maneno hayo kwa watu wengi kabla yako.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko shauri lilikotoka. Mwaka 2014 wanunuzi kutoka China waliingia Junín, bei ya maka ikapaa, wakulima wakapanua mashamba. Maka ikapandwa kwa wingi Yunnan, huko huko China, na bei ikaanguka. Hadithi hii hatuhitaji kutafsiriwa. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake. Ikapanda yake, na katika miaka ya 1980 ikawa yajitosheleza. Wanachama wenye mvi wakumbuka magunia yaliyolala.

Rai yetu basi ni hii. Karafuu yetu ipelekwe Rusimbi kwa nguvu zote. Watu wa Ujiji walijua njia ya Unguja tangu siku za misafara, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, na pilau yao haiwezi kukosa karafuu. Lakini iende kama kiungo, safi, iliyokauka sawasawa, isiyo na vikonyo, yenye uzito ulioandikwa. Kwa dawa inayo sifa yake isiyohitaji kusindikizwa: mafuta yake yana yujinoli, ambayo matabibu wa meno huichanganya na zinki oksidi kwa kuzibia jino. (Hata hiyo mtoto asinyweshwe, mafuta ya karafuu yameza maini.) Pakiti yenye jina letu ikiahidi nguvu za kiume, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 itatuuliza Bara tumesajiliwa wapi, na mteja aliyedanganyika hatauliza mzizi ulikuwa gani, atasema ni karafuu ya Unguja.

Anayetaka kujaribu mukombero shambani kwake hatumzuii. Kakamega mzizi huu ulichimbwa mwituni mpaka ukaadimika, maana kuuchimba ni kuua mmea, na wakulima wa huko wakafundishwa kuupanda. Aupande mpakani, juu ya mti wa kando, asiuache upande mkarafuu. Mchumaji hatakushukuru kwa kamba za majani mikononi mwake. Akivuna, auuze kwa jina lake, mzizi mzima, si unga, ili mnunuzi aone anachokinunua.