Maini na mapafu yachemshwe

Mwandishi, kwenye makala yako kuhusu chakula cha mbwa, mifupa umeieleza vizuri, ila kwenye maini na mapafu mabichi ya mbuzi umepita haraka mno. Kule Turkana, viungo hivyo vikiwa na vivimbe vya maji ndivyo vinavyompa mbwa tegu aina ya Echinococcus. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mbwa, hunasa kwenye manyoya, na mtoto anayecheza na mbwa huyo huyameza. Uvimbe unaweza kukua ndani ya ini la mtoto miaka mingi bila dalili. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kudhibiti ugonjwa huu wa vivimbe huko mwaka 1983, na bado upo. Tafadhali, ongeza kwenye makala: maini na mapafu yachemshwe nusu saa, na daktari wa mifugo apange ratiba ya kumpa mbwa prazikwanteli, dawa ya tegu.