Asiyejua kuanguka hataweza kuangusha

Kwa vijana wetu wengi, sanaa ya Kichina ya kupigana ni ile waliyoitazama katika filamu: mtu aruka juu, apiga teke hewani, na maadui kumi wapukutika chini kama maembe yaliyoiva. Yamkini hata walimu wao walianzia huko huko, enzi za filamu za Bruce Lee. Ni wachache wanaofahamu kwamba Wachina wana sanaa nyingine, kongwe zaidi, isiyotegemea ngumi wala mbwembwe. Hiyo ni mieleka yao ya jadi, iitwayo shuai jiao. Leo ningependa tuitazame namna inavyofundishwa, kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu, tunalihitaji mno.

Tuanze na jina lenyewe. Shuai ni kutupa au kubwaga chini kwa nguvu. Jiao lina historia ndefu. Herufi inayotumiwa siku hizi yabeba maana ya kujikwaa na kuanguka. Lakini katika maandishi ya kale ilitumiwa herufi nyingine, yenye maana ya pembe na vilevile ya kushindana. Masimulizi ya Wachina husema kwamba hapo kale watu walivaa pembe vichwani wakakumbana kama mafahali. Kiswahili nacho hakikupungukiwa na msamiati wa uwanja huu. Tuna mweleka, tuna ngwala, tuna kubwagwa chali na kuanguka kifudifudi. Maneno hayo hayakuzuka hewani. Yalizaliwa na watu waliokuwa wakikamatana viunoni.

Kanuni za shuai jiao ni nyepesi kueleza. Wapinzani huvaa koti fupi la pamba nene, lililoshonwa kwa tabaka kadhaa na kufungwa kwa mshipi, kisha hushikana kwa koti hilo. Atakayegusa ardhi kwa kiungo chochote kisichokuwa nyayo zake ameangushwa. Hakuna kugaragazana mchangani wala kukabana shingo chini. Mshindi sharti abaki wima, na aghalabu hubaki akiwa bado ameshika mkono wa koti la mwenziwe aliyelala miguuni pake.

Sanaa hii imepita katika mikono mingi. Chini ya utawala wa Qing, kulikuwa na kambi maalumu ya wanamieleka wa mfalme mjini Beijing. Historia inakumbuka kwamba mwaka wa 1669, mfalme kijana Kangxi aliwatumia vijana waliojifunza mieleka kumkamata Oboi, waziri mwenye nguvu aliyekuwa akimtawala mfalme badala ya kutawaliwa naye. Utawala huo ulipoporomoka katika miaka ya 1911 na 1912, wanamieleka wa kambi walikosa mshahara, na baadhi yao wakaishia kufundisha na kucheza mbele ya umati wa watu huko Tianqiao, mtaa wa burudani wa Beijing. Mwaka wa 1928 taasisi ya taifa ya sanaa za mapigano ilianzishwa Nanjing, na mieleka ikapata nafasi humo. Miongoni mwa waliotajika sana ni Chang Dongsheng, Mwislamu wa jamii ya Wahui kutoka Baoding, aliyeshinda katika mashindano ya kitaifa mjini Nanjing mwaka wa 1933, na baadaye akawafundisha polisi huko Taiwan kwa miaka mingi hadi uzeeni.

Sasa tuingie uwanjani. Mtu mgeni angedhani kwamba siku ya kwanza mwanafunzi huonyeshwa namna ya kumbwaga mtu. La hasha! Mwalimu makini humfundisha kwanza namna ya kuanguka. Kidevu kikunjwe kifuani ili kisogo kisigonge ardhi. Mgongo uwe mviringo, usiwe kama ubao. Mkono usinyooshwe kuidaka ardhi, kwani hapo ndipo kifundo huvunjika. Pumzi itolewe, isizuiliwe. Ataanguka kutoka kwenye magoti, kisha akiwa amechuchumaa, kisha akiwa wima, mpaka ardhi iache kuwa adui yake.

Baada ya hapo hufuata mazoezi ya upweke. Mwanafunzi hushika mshipi kwa mikono miwili kana kwamba ameshika koti la mtu, akageuka, akainama na kurusha mguu nyuma, mara mia na zaidi, ilhali mbele yake hamna mtu. Hunyanyua jiwe lililochongwa mfano wa kufuli lenye mkono, ambalo Wachina hulitaja kwa jina hilo hilo, kufuli la jiwe. Hulirusha juu na kulidaka ili viganja vipate nguvu ya kushika. Kazi hii inachosha na haina mtazamaji wa kuipigia makofi.

Ndipo huja hatua ya kufanya na mwenzi. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba kumwangusha mtu si suala la misuli pekee. Mwili husimama kwa sababu uzito wake unategemezwa na nyayo mbili. Uvute uzito huo nje ya nyayo, na mtu atakuwa ameshaanguka kabla hujamgusa mguu. Ngwala huja kukamilisha tu. Ndiyo sababu mwalimu hurudia mambo matatu: mkono uyumbishe, kiuno kigeuke, mguu uzuie. Ukimpiga ngwala mtu aliyesimama imara, utaumiza ugoko wako bure. Mpige wakati mguu wake unatua, kabla haujabeba uzito, naye atateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Na katika ile mitupo mikubwa ya kiuno, mwenye kutupa hana budi kujishusha chini ya mpinzani wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo lililonigusa zaidi ni huyo mwenzi. Ili mmoja ajifunze kutupa, mwingine hana budi kukubali kutupwa, tena mara nyingi. Humwazima mwenziwe mwili wake, kwa imani kwamba ule mkono ulioshika koti hautamwachilia aanguke vibaya. Kisha hupokezana. Hapana anayejifunza peke yake, na hapana anayejifunza bila kuonja ardhi. Wachina wana msemo kwamba miaka mitatu ya ngumi haifikii mwaka mmoja wa mieleka. Naamini maana yake ni kwamba mwanamieleka hapati nafasi ya kujidanganya. Mpinzani akibaki wima, jibu amelipata papo hapo.

Sasa tujiulize, enyi walimu wenzangu: je, madarasa yetu yanamfundisha nani kuanguka? Tumeimba wimbo wa mtaala wa umilisi tangu ulipoanza kutekelezwa, na neno hilo umilisi lilitoka katika taaluma yangu ya isimu, ambako hutofautishwa na utendi: yale ayajuayo mtu kuhusu lugha yake, na yale ayatendayo anapofungua kinywa. Lakini umilisi haupatikani kwa kutajwa katika vitabu vya mwongozo. Mwanafunzi anayejifunza lugha huanguka kila siku: hukosea ngeli, huchanganya viambishi, hutamka vibaya. Akicheka darasa zima, na mwalimu akatabasamu pamoja nalo, mtoto huyo amebwagwa bila kufundishwa kulinda kisogo chake. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001. Kicheko bado hakijapigwa marufuku.

Matokeo yake tunayaona hadi vyuo vikuu. Huja kwetu vijana waliopata alama za juu, wanaoweza kuorodhesha ngeli zote, lakini ukiwaomba wasimame waeleze hoja kwa dakika tano, hukaa kimya. Si kwamba hawajui. Wanaogopa ardhi. Wamesimama wima miaka yote kwa kutothubutu kushikana na mtu.

Wapo watakaosema kwamba nahubiri uzembe, kwamba kosa likiachiwa litaota mizizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini imepotoka mahali pamoja. Mwalimu wa mieleka hamsifu mwanafunzi kwa kuanguka. Humrekebisha kidevu, humrekebisha mgongo, kisha humwambia ainuke arudie. Asichofanya ni kumfanya aone haya. Kosa lisilorekebishwa ni hasara. Kosa linalofichwa kwa woga ni hasara kubwa zaidi, kwa kuwa halitapata kurekebishwa kamwe.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba lawama zote ni za mwalimu. Mazoezi ya mshipi ni yenu. Hapana mwalimu awezaye kugeuza kiuno kwa niaba yenu, wala kusoma na kuandika mahali penu. Mwenzenu anaposimama kuzungumza, mwazimeni masikio jinsi mwanamieleka anavyomwazima mwenziwe mwili. Kesho zamu itakuwa yenu.

Pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji bajeti ya wizara. Katika wiki ya kwanza ya muhula ujao, kila mwalimu atenge kipindi kimoja cha kuanguka: kila mwanafunzi ajaribu jambo asiloliweza, mbele ya wenzake, kisha aonyeshwe namna ya kuinuka. Mwalimu naye aanze kwa kuanguka yeye. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, mhunzi asiyewahi kuonyeshwa namna ya kuliunga koleo lake atauacha uhunzi siku hiyo hiyo.