Thamani ya Nguo za Watoto Zishonwazo Nyumbani

Kila inapokaribia Idi, husikika Unguja na Mombasa malalamiko kwamba kanzu ya mtoto iliyoshonwa nyumbani ni ghali kuliko ile iletwayo kutoka ng'ambo, nami, kwa hakika, siioni hoja hiyo. Kwani mshoni mwenye insafu huacha pindo pana na akiba ya kitambaa mishononi, ili mtoto akirefuka nguo ifumuliwe na kuteremshwa, hali ile ya kiwandani aghalabu hukatwa kwa ubahili, ikambana mvaaji kabla haijachakaa. Ama kofia ya viua, ambayo vitundu vyake huzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano, hata ikiwa ya kichwa kidogo hula majuma, na kuitaka kwa bei ya kofia ya mashine ni dhuluma dhahiri.