Kura ya wimbo haina wifi

Harusi zimepamba moto na simu hazilali. Mchezo uliotushika siku hizi ni wa kutumiana nyimbo: hutolewa mada, kila mtu huleta wimbo mmoja, kisha hupigwa kura. Biharusi wa Handeni anaolewa Korogwe, dada na mawifi wa pande zote wanaingizwa kundi moja la WhatsApp, na sisi wa Unguja tunaalikwa kuwa waamuzi, eti hatuna upande.

Upande upo, nao ni sikio. Sikio la kisiwani limelelewa na taarab. Likisikia udi na fidla hulegea kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Ngoma ya Kizigua itapata nini hapo? Kizigua, Kisambaa na Kibondei ni lugha ndugu, Handeni na Korogwe wanasikilizana bila taabu. Asiyeelewa ni mwamuzi. Kwa hiyo mleta wimbo aandike maana yake kwa maneno machache, na mwamuzi ausikilize tena akiwa na maana hiyo. Isitoshe, Kizigua kimesafiri kuliko wengi wetu: wapo Somalia wajukuu wa Wazigua waliopelekwa utumwani karne ya 19 ambao hawakukiacha, na baadhi yao wakarudi wakapewa makazi Chogo, huko huko Handeni. Wimbo wa lugha hiyo usishike mkia kwa sababu tu mwamuzi hakuambulia neno.

Mada nayo ina ugomvi wake. Ikisemwa "safari", mmoja ataleta wimbo wa basi, mwingine wa mama anayemuaga binti anayekwenda kwa mumewe. Tunasema huyu wa pili yumo ndani ya mada, tena amezama zaidi. Mada ni mlango, kila mtu aingie kwa mguu wake.

Linalotukera hasa ni majina. Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa, na ngomani ni sawa, lakini kwenye kura ni balaa. Wimbo wa mama mkwe unapata kumi hata kama haujasikilizwa. Mchezo wa Music League huficha majina ya walioleta nyimbo mpaka kura zimalizike, na hata Eurovision, pamoja na majirani wake wanaopeana pointi, nchi haijipigii kura. Sisi tunashindwa nini? Nyimbo zitumwe kwa mtu mmoja asiyepiga kura, azipange bila majina. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Na mapenzi ya wifi pia yanaweza kututoa.

Tena tuangalie mafumbo. Unguja ya zamani ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake, Royal Navy na Royal Air Force, vikirushiana maneno, na watu wakifurahi. Lakini wale walikuwa mahasimu wa jukwaani. Mawifi wataishi pamoja. Wimbo unaomsema mtu aliyemo kundini uondolewe kabla ya kura, hata ukiwa mtamu kama halua. Mwamuzi akiupa pointi, amekwishachukua upande.

Wapo wenzetu wasiosikiliza ala, wao huleta qasida ya dufu tu. Wasidharauliwe wala wasipewe pointi za ucha Mungu. Qasida ipimwe kwa sauti, maneno na mada, kama nyingine. Na iliyorekodiwa kwa simu uani isipunguziwe kwa ajili ya mkwaruzo, maana studio ni pesa.

Matokeo yakishatangazwa, biharusi ajichagulie mwenyewe wimbo wa kuingilia ukumbini. Hata ule uliopata sifuri.