Podo kwanza, upinde baadaye

Katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, alikuwemo daktari kijana kutoka Uskoti aliyeitwa John Kirk. Siku moja alipopiga mswaki alisikia uchungu wa ajabu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Mswaki ule ulikuwa umekaa mfuko mmoja na sumu ya mishale, ile inayotengenezwa kwa mmea wa Strophanthus, aliyokuwa ameikusanya safarini. Kirk hakudhurika. Sumu yenyewe ilifika Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliichunguza, na ikazaa dawa ya moyo.

Wanasayansi hukisimulia kisa hicho kama bahati njema ya uchunguzi. Mtu anayejua mishale atakisikia kwa namna nyingine: hakuna aliyempiga Kirk mshale. Kilichomfikia ni uzembe wa kufungasha.

Mazungumzo kuhusu upinde karibu yote huhusu kulenga, yaani nani ana shabaha, upinde wa nani una nguvu, mnyama aliangukia hatua ya ngapi. Lakini mwindaji wa upinde hutumia muda mwingi mno akitembea, akiinama chini ya miiba, akivuka korongo, akikaa kitako kusubiri. Katika saa zote hizo chembe, yaani kichwa cha mshale chenye makali, kiko umbali wa shubiri moja kutoka pajani au mgongoni mwake. Mshale humkaribia mwenyewe mara nyingi kuliko unavyomkaribia mnyama, na hatari hiyo huongezeka upinde ukiwa mfupi.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Upinde mfupi unapendwa kwa sababu haukwami vichakani. Mshale, hata hivyo, haufupiki kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa urefu wake hutegemea mkono wa mpigaji unavyovuta. Katika upinde wa mita moja na robo, mshale wa sentimita 70 unachukua zaidi ya nusu ya urefu wote. Ukiamua kuifunga mishale kwenye upinde wenyewe, vyembe vitasogea karibu na ncha ya juu, usawa wa uso, na manyoya yatashuka hadi chini ya kishikio. Tena upinde mfupi hupinda karibu mwili mzima, kwa hiyo mahali pasipopinda, panapofaa kufungia kitu, ni padogo sana karibu na kishikio.

Hakuna waliolielewa jambo hili vizuri kama Wasan wa Kalahari. Upinde wao ni mdogo, kiasi cha mita moja, na nguvu yake si ya kutisha. Kinachoua ni sumu, ambayo wengi wao huipata kwa mabuu ya mdudu aina ya mbawakawa aitwaye Diamphidia. Sumu hiyo inaweza kumwangusha twiga, ingawa huchukua muda mrefu. Mtu anayeishi na kitu kama hicho nyumbani, penye watoto, hawezi kufanya mzaha. Kwa hiyo hawaipaki kwenye ncha inayochoma, bali nyuma yake kidogo, ili mtu akijikwaruza kwa bahati mbaya ncha iwe safi. Baadhi ya mishale yao ya zamani ina chembe cha mfupa kinachochomolewa, kikageuzwa, kikaingizwa ndani ya wano, yaani kijiti cha mshale, la tete. Kikishageuzwa hivyo, mshale hauna ncha tena mpaka mwenyewe aamue kuurudisha.

Halafu mishale hiyo huwekwa kwenye podo la magome lenye kifuniko. Nchini Namibia na Afrika Kusini kuna mti mzima uliopewa jina kwa kazi hiyo: Waholanzi waliuita mti wa podo, kwa kuwa mwaka 1685 Simon van der Stel, mkuu wa koloni lao la Rasi, aliwakuta wenyeji wakitoboa matawi yake kutengenezea podo. Mishale hiyo haifungwi kwenye upinde, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Huku kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa ya ngozi. Wakamba, ambao wamesifika tangu zamani kwa upinde, walitumia sumu ya mti wa Acokanthera, na sehemu kubwa ya sumu iliyouzwa bara ilipikwa na Wagiriama wa pwani ya Kenya. Sumu hiyo huua kwa kuvuruga moyo. Utumbo hauinyonyi kwa urahisi, ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa huliwa, lakini mkwaruzo mdogo unaoipeleka moja kwa moja kwenye damu ni habari nyingine kabisa. Basi chembe kilichopakwa kilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, nao haukutolewa mpaka mnyama aonekane. Ukanda huo ulifanya kazi mbili kwa pamoja: uliizuia sumu isikauke na kupukutika, na uliukinga mkono wa mwenye mshale. Kisha mishale ikatiwa ndani ya podo la ngozi lenye kifuniko na mkanda wa begani.

Wapo watakaotaja Wahadzabe wa ziwa Eyasi, Tanzania. Mhadzabe huonekana kila mara ameshika upinde na bunda la mishale kwa mkono mmoja, wala hana podo mgongoni. Ni kweli, lakini upinde wa Mhadzabe si mfupi. Unaweza kumzidi mwenyewe urefu. Na mishale yake yenye sumu huviringishwa ngozi kama ya Wakamba. Zaidi ya hayo, mkono ule umeshika mishale tangu utotoni. Mgeni aliyeshuka kwenye gari asubuhi hana mkono huo, hata akipiga picha nzuri kiasi gani.

Marekani, ambako uwindaji wa upinde ni burudani ya watu wengi, wametengeneza podo linalofungwa ubavuni mwa upinde. Lina kikofia kigumu cha kufunika vyembe na vishikizo vya mpira vya kubana mawano. Mafunzo ya wawindaji huko yanasisitiza kwamba chembe kifunikwe wakati wote mpaka mshale utakapopachikwa kwenye upote. Kanuni hiyo ni njema, na mzee wa Kikamba angeikubali bila kubishana. Chombo chenyewe ndicho chenye walakini. Kwenye upinde mrefu kinakaa vizuri. Kwenye upinde mfupi huongeza uzito upande mmoja, hugonga matawi, na sponji iliyo ndani ya kikofia hukatwakatwa na wembe wa vyembe hadi ncha zikachungulia nje. Anayeutaka upinde mfupi kwa wepesi wake, kisha akautwisha mishale sita, amejinyima kile alichokifuata. Mishale ikae begani au kiunoni, ndani ya kitu chenye kitako kigumu na kifuniko.

Je, haya yanamhusu nani leo, wakati Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977? Yanahusu watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Upinde bado uko kwenye ngoma, kwenye maduka ya vinyago na kwenye ziara za kitalii za Eyasi. Uko pia viwanjani: mpiga upinde Shehzana Anwar ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mishale ya mashindano ina ncha butu kidogo na wachezaji hufundishwa nidhamu ya mstari. Mishale inayouzwa dukani kama kumbukumbu haina nidhamu yoyote. Ina vyembe vya chuma halisi, imesimamishwa ndani ya ndoo au kufungwa kwa uzi juu ya upinde mdogo wa mapambo, ncha juu, usawa wa macho ya mtoto. Panga huuzwa na ala yake. Mshale huuzwa uchi.

Anayeuza mshale na auvalishe kipande cha ngozi, ambacho ni cha bei ndogo na ndiyo asili yenyewe anayodai kuiuza. Anayeongoza wageni porini awakabidhi upinde mtupu, mishale abaki nayo mwenyewe, na kila mmoja apewe mshale mmoja akishasimama mahali pake pa kupigia. Na wewe msomaji, kama kuna mshale wa babu unaoning'inia ukutani nyumbani, usijaribu makali yake kwa kidole: sumu kavu inaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi.