Mkulima Asibebeshwe Maji ya Vyuo

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Mlalo, Usambara, kulima kwa matuta, huku ikiwatupia lawama zote za mmomonyoko. Mkulima wa Lushoto angali anahimizwa kuchimba makinga maji. Je, chuo kikuu kinapojengwa mlimani juu ya shamba lake, chenyewe huhimizwa nini? Paa la meta 1,000 za mraba, likinyeshewa milimita 50 za mvua, humwaga lita 50,000. Maji hayo yakiachiwa mteremkoni, huondoka na udongo wa mnyonge. Matangi, mashimo ya kunywea maji na mifereji ya mawe si anasa, ni wajibu. Msomi aliyeshindwa kuyazuia maji ya paa lake hana haki ya kumhubiria mkulima hifadhi ya ardhi.